Wikiendi York mwezi Novemba: mwongozo kamili wa kuuona mji kabla jua halijazama saa kumi

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, ndugu na marafiki huniuliza habari za York, mji wa kale wa kaskazini mwa Uingereza. Wanakwenda, wanarudi Jumapili usiku, na maelezo ni yaleyale. Tulifika saa sita mchana, tukala, tukaitafuta hoteli, kutoka nje giza limeshaingia. Ukuta wa mji tulikuta umefungwa. Vioo vya rangi vya kanisa kuu tuliviona vyeusi tupu. Viatu vililowa Jumamosi asubuhi, havikukauka mpaka tunarudi. Na tiketi ya treni ilikuwa ghali kuliko malazi.

Mji hauna kosa. Wanaipanga safari ya Novemba kama ya Julai. Katikati ya Novemba jua la York huchomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni na dakika chache. Mwisho wa mwezi linazama kabla saa kumi haijafika. Kwetu saa kumi jioni ndiyo kwanza watoto wanatoka kucheza mpira. Huko taa za barabarani zinawaka. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja: vinavyohitaji mwanga vionwe kwanza, visivyouhitaji vingoje giza.

Nimemwandikia anayeanzia London, kwa sababu ndiko wageni wetu wengi wanakotua. Ukitoka Leicester, Birmingham au Manchester, hatua ni hizihizi, treni tu ndiyo tofauti.

## Mahitaji

Usinunue tiketi yoyote kabla hujahakikisha unaweza kuvipata hivi:

- Viatu visivyopitisha maji, vyenye soli ya mpira iliyochimbika. Njia za mji wa kale zimetandazwa mawe, na majani yaliyolowa juu ya mawe huteleza kama ganda la ndizi. Raba za kitambaa ziache nyumbani.
- Soksi za sufu, jozi tatu kwa siku mbili. Jozi ya tatu ndiyo itakayookoa Jumapili yako.
- Koti la mvua lenye kofia yake. Mwavuli hausaidii juu ya ukuta. Upepo unaugeuza nje ndani, na njia ni nyembamba, utamchoma mwenzio jicho.
- Nguo za tabaka tatu. Fulana ya kubana mwili, sweta, kisha koti. Joto la mchana mwezi huo ni kama nyuzi 9 au 10, usiku hushuka mpaka 3 au 4. Ndani ya maduka kuna joto kali, kwa hiyo lazima uweze kuvua na kuvaa upesi. Koti moja zito juu ya shati la pamba litakutoa jasho ndani na kukugandisha nje.
- Glavu, kofia ya sufu na kitu cha shingoni. Kikoi kilichokunjwa mara mbili kinafanya kazi ya skafu vizuri sana, na mtoto akisinzia kwenye treni ni shuka.
- Darubini ndogo. Hii wengi hawaitarajii. Nitaeleza tukifika kanisani.
- Chupa ya chai, na pawabenki. Baridi humaliza chaji ya simu haraka, na tiketi zako zote zimo humo.
- Kadi ya benki ya kugusisha. Zipo sehemu zisizopokea noti kabisa.
- Karatasi moja yenye ratiba, saa zikiandikwa mara mbili. Tiketi huandikwa kwa tarakimu za saa 24, sisi tunazungumza saa za Kiswahili. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga aliandika "treni saa 3" akimaanisha 09:00. Mwanawe aliyekulia huku akaelewa 15:00, na tiketi ikapotea. Andika hivi: 15:30, saa tisa na nusu alasiri.

## Hatua ya 1: Chagua wikiendi

Mimi huchagua wikiendi ya kwanza au ya pili ya Novemba. Miti ya bustani ya Museum Gardens bado ina majani ya manjano, na watu si wengi mno. Kuanzia katikati ya mwezi soko la Krismasi hujaza mtaa wa Parliament Street; bei za hoteli hupanda, na Jumamosi mchana mnatembea bega kwa bega. Ukilitaka soko lenyewe, lala Alhamisi na Ijumaa badala ya Ijumaa na Jumamosi.

Tahadhari: Jumapili ya pili ya Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kunakuwa na ibada na gwaride, na ratiba ya kanisa kuu hubadilika. Angalia tovuti ya kanisa kabla hujalipia chochote.

Una Jumamosi moja tu, bila kulala? Basi usiende York. Nenda Canterbury au Winchester, zote mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka London, au Bath, saa moja na nusu. York inataka usiku mmoja angalau, na usiku miwili ndiyo inavyopendeza: Ijumaa na Jumamosi.

## Hatua ya 2: Nunua tiketi ya treni mapema, na uisome

Treni za moja kwa moja kwenda York huondoka kituo cha King's Cross, London, na nyingi huchukua kama saa mbili. Tiketi za bei nafuu ni zile za kununua mapema, ambazo kwa kawaida hufunguliwa karibu wiki 12 kabla ya safari. Ni chache kwa kila treni, na zile za chini zikiisha unapanda ngazi ya bei. Ndiyo maana watu wawili waliokaa kiti kwa kiti wanaweza kuwa wamelipa bei tofauti kabisa.

Fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza, angalia kama unastahili kadi ya punguzo, Railcard. Nyingi zinauzwa pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025 na hukata theluthi moja ya nauli. Ipo ya vijana, ipo ya wazee, ipo ya watu wawili wanaosafiri pamoja, na ya familia inayokata asilimia 60 kwenye nauli ya watoto. Kwa watu wawili, safari hii moja mara nyingi inarudisha gharama ya kadi. Lakini kadi ya wawili ina sharti: wote wawili muwe kwenye treni ileile. Mmoja akibaki, aliyesafiri hana tiketi halali.

Pili, kabla ya kulipa, tafuta kwenye tovuti ya National Rail kama wikiendi hiyo kuna matengenezo ya reli. Hufanywa sana Jumapili. Ukiona safari ya saa mbili imekuwa ya saa tatu na nusu, au neno basi limeingia katikati, badilisha wikiendi.

Tatu, soma kilichoandikwa kwenye tiketi. Tiketi ya mapema ni ya treni moja tu, ya saa ile, ya kampuni ile. Kati ya London na York zinapita LNER na Grand Central. Tiketi ya moja haikubaliki kwenye nyingine, hata kama zote zinasimama jukwaa lilelile. Ukiichelewa treni yako kwa uzembe wako, unanunua upya kwa bei ya siku hiyo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tiketi mbili kwenye simu, namba ya kiti kwenye kila moja, treni ya kwenda ni ya Ijumaa jioni, na ya kurudi ni ya Jumapili kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Kwa nini Ijumaa jioni na si Jumamosi asubuhi? Kwa sababu ukiamkia York, mwanga wote wa Jumamosi ni wako. Ukisafiri Jumamosi asubuhi, robo yake umeiacha kwenye reli.

## Hatua ya 3: Malazi

Tafuta ndani ya ukuta, kwa mfano mtaa wa Micklegate, au hatua chache nje yake, kwenye mtaa wa Bootham au karibu na kituo. Unataka umbali wa kutembea usiozidi dakika 15 kutoka kanisa kuu. Sababu ni soksi: ukilowa saa tano asubuhi, unarudi kubadilisha na kutoka tena. Aliyelala mbali atashinda na unyevunyevu mpaka usiku, na ndiye atakayekwambia York haifai.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa. Kuna lifti? Majengo mengi ni ya zamani, ngazi ni nyembamba, na mama yako mwenye magoti mabovu hataweza ghorofa ya tatu. Naruhusiwa kuacha mizigo baada ya kutoka? Jumapili utaihitaji sana huduma hii. Na ya tatu, kama nyumba iko kando ya mto: mto ukifurika, mlango unafikika kutoka upande gani?

Jambo moja la majina, maana linawachanganya wengi wanaosoma ramani. York ukiona "gate" mwishoni mwa jina, huo ni mtaa. Neno limetoka kwa Waviking. Lango la mji linaitwa "Bar". Kwa hiyo Micklegate ni mtaa na Micklegate Bar ni lango lililo kwenye mtaa huo. Ukimwelekeza mtu "tukutane Micklegate" umempa mtaa mzima.

## Hatua ya 4: Kata tiketi za ndani zenye saa

Viwili vinatosha: kanisa kuu la York Minster Jumamosi asubuhi, na makumbusho ya Waviking ya JORVIK Jumamosi alasiri.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaonekana kama busara. Wanasema: kanisa liko ndani, tuliache mpaka giza. Lakini kinachoonwa kanisani ni vioo vya rangi, na vioo hivyo havina taa yake. Taa yake ni anga la nje. Jua likizama vinakuwa kama ubao wa darasani. JORVIK kwa upande wake iko chini ya ardhi, giza lake ni lilelile asubuhi na jioni. Basi kanisa lipe asubuhi, JORVIK ipe alasiri.

Chukua nafasi ya JORVIK ya kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu alasiri, yaani 14:30 hadi 15:30. Usiisogeze zaidi, kwa sababu vivutio vingi hufunga mapema kipindi cha baridi. Angalia saa ya mwisho ya kuingia, si saa ya kufunga.

## Hatua ya 5: Jumamosi asubuhi, panda ukuta

Ukuta wa York ndio mrefu kuliko kuta zote za miji ya Uingereza zilizobaki kutoka zama za kati, kama kilomita 3.4, na kuutembea ni bure. Hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa giza likianza. Mwezi Novemba hiyo inaweza kuwa kabla ya saa kumi. Hakuna tiketi wala foleni. Ni mageti tu, ambayo ukiyakuta yamefungwa, yamefungwa.

Uwe juu saa mbili na nusu. Kunywa chai kabla, maana juu hakuna duka.

Anzia upande wa kituo cha treni, panda Micklegate Bar na uelekee mtoni. Dakika chache tu na utaiona picha uliyoifuata: ukuta unapinda mbele yako, mteremko wa nyasi chini, na nyuma yake minara mitatu ya kanisa kuu. Asubuhi jua linakuwa ubavuni kwako, halikupigi usoni, na jiwe la kanisa linageuka rangi ya asali. Kaa hapo. Kama kuna ukungu, kaa zaidi. Ukungu wa Novemba huachia minara kidogokidogo.

Shuka, vuka mto kwa daraja la Lendal Bridge, pita mbele ya Museum Gardens na upande tena Bootham Bar. Kipande cha Bootham Bar hadi Monk Bar ndicho bora kuliko vyote. Unapita nyuma ya kanisa, juu ya bustani za nyumba ambazo mtu wa barabarani hazioni, chini ya miti iliyobakiza majani machache. Ukiwa na muda wa kipande kimoja tu maisha yako yote, uwe huu.

Mwenye nguvu aendelee kupita Monk Bar. Ukuta unakatika baada ya hapo, kwa sababu zamani upande huo ulilindwa na maji. Unatembea kando ya barabara ya Foss Islands Road mpaka mnara wa matofali mekundu, kisha ukuta unaanza tena kuelekea Walmgate Bar. Mzunguko mzima ni kama saa mbili. Siku ya mvua mimi naishia Monk Bar na sijuti.

Tahadhari, na hizi zizingatie:

- Sehemu nyingine hazina reli upande wa ndani. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote.
- Ngazi za malangoni ni nyembamba na zimelika katikati. Shuka ukishika ukuta, usishuke ukipiga picha.
- Kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu havifai kabisa. Mwenye mgonjwa wa miguu apite bustani ya nyuma ya kanisa, Dean's Park, ambako njia ni tambarare na kanisa linaonekana vizuri.
- Barafu ikiganda usiku, ukuta haufunguliwi. Usiruke geti. Anza na kanisa, rudi saa sita barafu ikiyeyuka.

Umefaulu kama saa nne asubuhi umeshuka miguu ikiwa mikavu na shati halijalowa jasho. Kama soksi zimelowa, rudi hotelini sasa hivi.

## Hatua ya 6: Kanisa kuu, wakati anga bado lina mwanga

Ingia saa nne na nusu. Jengo hili lilianza kujengwa 1220 na likawekwa wakfu 1472, na mgeni wa mara ya kwanza hushikwa na bumbuwazi, akazunguka bila kujua atazame nini. Fanya hivi.

Nenda moja kwa moja mwisho wa mashariki, kwenye dirisha kubwa. Mafundi wa John Thornton walilitengeneza kati ya 1405 na 1408. Ukubwa wake hulinganishwa na uwanja wa tenisi, na lina vipande vya picha zaidi ya 300. Sasa toa ile darubini. Bila darubini utaona rangi. Ukiwa nayo utaona nyuso. Juu ni visa vya Agano la Kale kuanzia uumbaji wa Mwanzo, halafu sehemu kubwa ya dirisha ni Ufunuo wa Yohana: wanyama wenye vichwa vingi, malaika wenye tarumbeta, farasi. Mtu aliyekulia Biblia ya Kiswahili atavitambua visa kimoja kimoja bila kusoma bango lolote. Nilimpeleka mama mmoja mwanakwaya, akakaa mbele ya dirisha lile dakika 40, akinong'ona aya.

Kisha rudi katikati, pale mabawa mawili ya kanisa yanapokutana kama msalaba, utazame dirisha la kaskazini la Five Sisters: vioo vitano virefu vya kijivu na kijani kilichofifia. Baada ya rangi za mashariki macho yanapumzika.

Mnara wa kati una ngazi 275, tiketi yake ni ya ziada, na watoto chini ya miaka minane hawaruhusiwi. Hufungwa upepo ukizidi. Mimi siupandi siku ya mawingu mazito. Ngazi ni zilezile na mandhari hakuna. Kukiwa na anga safi, panda bila kusita.

Jumapili asubuhi ni ya ibada, na watalii huingizwa mchana. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipangia kanisa Jumamosi.

## Hatua ya 7: Mchana mpaka giza

Kula saa sita kamili, kabla ya umati wa saa saba. Ukimaliza, huo ndio wakati wa mwisho wenye mwanga, kwa hiyo usikae mezani mpaka saa nane. Tembea Stonegate, kisha Museum Gardens, ambako magofu ya abasia (makao ya watawa) ya St Mary's yamesimama katikati ya majani yaliyoanguka, bila kiingilio.

Kuhusu chakula: Yorkshire pudding si kitindamlo. Ni kama andazi tupu la chumvi lililovimba ovenini, huliwa na nyama na mchuzi mzito. Kwa Mwislamu, uliza mafuta yaliyotumika na nyama ya mchuzi ule, usikisie kwa jina. Vyakula vya samaki na mboga vinapatikana karibu kila mahali.

Kwa anayeswali. Katikati ya Novemba adhuhuri inaingia York kabla ya saa sita mchana, alasiri inaingia kama robo saa kabla ya saa nane, na magharibi ni saa kumi na dakika chache. Vipindi vitatu vinabanana ndani ya muda wa saa nne hivi. Angalia ratiba ya siku hiyo na uipange pamoja na ratiba ya matembezi, si baadaye. Msikiti wa York uko Bull Lane, nje ya ukuta upande wa Walmgate. Kutoka kanisa kuu jipe dakika 25 kwa miguu.

Saa tisa hivi ingia JORVIK. Imejengwa palepale Coppergate ambapo wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mitaa ya Waviking kati ya 1976 na 1981. Unakaa kwenye kigari, unapitishwa ndani ya mji ulioigwa pamoja na harufu zake zote, hata za choo. Watoto wataisimulia mwaka mzima. Ukitoka, giza limeingia, na hujapoteza kitu.

Hapa wengi hurudi hotelini. Usirudi. Siku nyingi saa kumi na moja na nusu jioni kanisani kuna ibada ya jioni ya kuimbwa na kwaya, na haina kiingilio. Hakikisha saa kwenye tovuti, fika robo saa kabla, mwambie mlangoni umekuja ibadani. Ni ibada ya kweli: simu izimwe, hakuna picha, hakuna kutoka katikati. Vioo sasa ni vyeusi, kama nilivyosema, lakini sauti za kwaya zinapanda kwenye dari lile na kubaki juu. Ukiliona kanisa mara mbili kwa siku moja, asubuhi kwa macho na jioni kwa masikio, ndipo utakapojua kwa nini nasisitiza ulale.

Ukitoka, nenda Shambles. Mchana mtaa huu ulijaa watu hata huuoni. Baada ya saa kumi na mbili jioni maduka yamefungwa, taa zinang'aa kwenye mawe yaliyolowa, na unaweza kusimama katikati ukatazama juu, nyumba za mbao zikiinamiana mpaka zinakaribia kugusana. Ulikuwa mtaa wa wachinjaji. Chini ya madirisha bado kuna rafu pana walizopangia nyama, na kulabu walizotundikia. Wembamba wake ulizuia jua lisiharibu nyama.

## Mvua ikinyesha kutwa, au mto ukifurika

Mvua ya rasharasha haibadilishi ratiba. Mvua kubwa ikija, kipande cha Bootham hadi Monk kifupishe au kihamishie Jumapili, na Jumamosi asubuhi ianze na kanisa.

Mto Ouse hufurika mara kwa mara kipindi hiki, hata kama York haikunyesha, kwa sababu maji hutoka milima ya kaskazini. King's Staith, gati ya kando ya mto, ndiyo huzama kwanza. Soma maonyo ya mafuriko ya serikali siku mbili kabla. Mji wa juu, kanisa na ukuta huwa vinafikika. Kinachopotea ni njia za kando ya mto. Usikanyage maji yaliyofunika njia ya miguu hata yakionekana ya kifundoni. Hujui ukingo uko wapi.

## Hatua ya 8: Jumapili na kurudi

Amka na mwanga. Kama ukuta hukuumaliza, umalizie kuanzia Walmgate. Kisha Clifford's Tower, mnara wa ngome ya kale: ngazi 55 za mwinuko mkali, na juu kuna jukwaa jipya la 2022 linaloonyesha mji wote. Chini ya kilima kuna bamba la ukumbusho wa Wayahudi wa York, kama 150, waliokufa hapo Machi 1190 wakiwa wamezingirwa na umati. Lisome kabla ya kupanda.

Toa mizigo chumbani, iache mapokezi, na saa tano uwe kwenye makumbusho ya reli, nyuma ya kituo cha treni. Hakuna kiingilio, pana paa, na panafaa siku ya mvua kuliko mahali pengine popote mjini. Usimkose Mallard, injini ya mvuke ya rangi ya buluu iliyofikia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938; hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuishinda mpaka leo.

Kula mapema. Baa na mikahawa mingi Jumapili hupika mchana tu, jikoni linafungwa alasiri. Na maduka makubwa ya chakula kisheria hufunguliwa muda wa saa sita tu siku hiyo, kwa hiyo vitafunio vya treni vinunuliwe Jumamosi.

Fuata mizigo muda wa saa moja kabla ya treni, na uwe kituoni dakika 20 kabla. Treni za Jumapili jioni hujaa. Kaa kwenye kiti chako chenye namba, na aliyekikalia mwonyeshe tiketi kwa upole, atahama.

Tiketi usiifute kwenye simu ukifika. Treni ya LNER ikichelewa nusu saa au zaidi unaweza kudai fidia kwa kampuni ya treni ndani ya siku 28, kwenye tovuti yao. Wanachohitaji ni picha ya tiketi na saa uliyofika.